Kitabu cha Majina

Ukiondoa mafundisho ya wakatekumeni na sala ya Jumapili padri asipofika, kazi yangu kubwa ni vitabu. Kuna kitabu cha ubatizo, cha ndoa, na cha wafu. Mwandiko wangu si mzuri sana, lakini wasomeka.

Juma moja kabla ya Pasaka ya mwaka 2021 alikuja kwangu msichana mmoja na mtoto mgongoni, akitaka kumwandikisha kwa ubatizo. Nikaandika jina la mtoto, siku aliyozaliwa, jina la mama. Nilipofika kwenye nafasi ya baba nikainua kalamu. Sheria ya Kanisa, kanoni ya 877, haituruhusu kuandika jina la baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, isipokuwa iko hati ya serikali, au baba mwenyewe amejitaja mbele ya paroko na mashahidi wawili. Sheria hiyo ina maana yake, maana maneno ya watu hupita lakini wino hukaa. Nikamweleza. Akanitazama, akasema kwa sauti ndogo: "Lakini Mwalimu, jina lake si unalijua? Si wewe uliyemwandikia ile barua?"

Ndiyo, mimi.

Miaka miwili kabla ya hapo, katika kijiji kimoja cha upande wetu wa Kamina, mwalimu wa shule alimnajisi mwanafunzi wake, mtoto wa miaka 14. Jambo likajulikana. Wazee wa pande mbili wakakaa chini ya mwembe siku nzima, na jioni baba wa mtoto akapewa mbuzi watatu na fedha kidogo. Ikabaki kumwondoa yule mwalimu bila kelele. Mzee mmoja akanijia nyumbani usiku, akaniambia: "Mwalimu, mwandikie barua nzuri apate kazi mbali, amani irudi." Nami nikaiandika. Mtu wa mwenendo mwema, mkristu wa kweli, hodari wa kufundisha. Nikagonga muhuri wa kanisa dogo letu. Akapanda gari moshi la kwenda Kabalo, na barua yangu mfukoni. Nilijiambia kwamba nimeponya kijiji. Nilikuwa nimesoma seminari miaka mingi, na sikuona aibu hata kidogo mpaka siku ile ya kitabu cha ubatizo.

Baadaye akina mama wa parokia, waliposikia habari nyingine kama hiyo, walileta shauri kwa padri: majina ya watu wanaoharibu watoto yaandikwe, yatundikwe mlangoni mwa kanisa na sokoni, kila mzazi ayasome. Padri akaniomba nitafute nchi nyingine zafanyaje. Nimesoma mengi, na nataka kusema ninavyoona.

Marekani ndiyo iliyofika mbali kupita wote. Mwaka 1989 mtoto wa miaka 11, Jacob Wetterling, alichukuliwa na mtu njiani, karibu na kwao. Mwaka 1994 serikali ikatoa sheria yenye jina lake, kwamba kila jimbo liwe na kitabu cha watu waliohukumiwa kwa makosa hayo. Mwaka 1996 ikaongezwa sheria nyingine ya kuwajulisha watu wote, na leo kila mtu aweza kuyafungua majina hayo katika intaneti, na picha, na nyumba mtu anamokaa. Wenye majina humo ni mamia ya maelfu. Katika majimbo kadhaa wamo hata walioandikwa wakiwa bado watoto wenyewe. Mama yake Jacob, Patty Wetterling, ndiye aliyepigania sheria ile ya kwanza. Lakini baadaye alisema wazi kwamba imevuka mpaka, kwa kuwa mtu asiyepata nyumba wala kazi, aliyekatiwa kila njia ya kuwa mwema, hafanywi kuwa mwema kwa kuonyeshwa kidole. Kisha, mwaka 2016, mtu aliyemwua Jacob alikiri na kuonyesha mahali alipomzika. Alikuwa amemdhuru mtoto mwingine miezi michache kabla ya Jacob, na hakuwa amehukumiwa kwa jambo hilo. Basi hata kama kitabu kingalikuwako mwaka ule, jina lake lisingalikuwamo.

Nalirudia neno hilo mara nyingi moyoni, kwa sababu ndilo letu. Hapa kwetu wangapi wamehukumiwa? Sheria ipo. Ile ya Julai 2006 inaadhibu kubaka kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20. Ile ya Januari 2009 ya kulinda watoto yasema miaka 7 hadi 20, na mwalimu aliyemtenda mwanafunzi wake huzidishiwa adhabu. Tena sheria yakataza parke kulimaliza shauri la namna hiyo kwa faini. Lakini mbuzi hawapiti parke, hupita chini ya mwembe. Kitabu cha wakosaji huandikwa kutoka katika hukumu, na pasipo hukumu kitakuwa na kurasa nyeupe, huku sisi tukisema nchi yetu ni safi.

Akina mama wakanijibu: basi tusingoje hukumu, tuandike tunaowajua. Hapo niliogopa. Nimekwisha kuona mji huu ukimfukuza mtu aliyeitwa mwizi, mawe na tairi tayari, na baadaye tukasikia siye. Nasi sote tunajua jinsi mzee anavyoweza kuitwa mchawi kwa sababu tu macho yake ni mekundu. Orodha mlangoni mwa kanisa isiyotoka kwa hakimu itakuwa silaha ya kila mwenye ugomvi wa shamba. Jina lenyewe ni kitu gani kwetu? Kwa wengi hati ya pekee ya kujitambulisha ni kadi ya mchaguzi. Mtu leo aitwa kwa jina la ubatizo, kesho kwa jina la babu yake. Baba zetu walizoea mambo hayo tangu mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya kikristu. Mwovu atapanda gari moshi akishuka na jina jingine, na mawe yatampata mwenye jina linalofanana.

Tena liko neno ambalo wanaume hawakulifikiri, akalisema mama mmoja mjane. Wanaowadhuru watoto mara nyingi si wageni: ni mjomba, ni jirani, ni mwalimu, ni baba wa kambo. Ukimtundika mjomba sokoni umemtundika na mtoto, kwa sababu kila mtu atauliza ni mtoto gani, na atajua. Msichana ataolewa wapi? Mtoto akijua hivyo atanyamaza, na mama yake atamsaidia kunyamaza.

Je, tufunge kitabu kabisa? Hapana, na sisi wakatoliki hatuna haki ya kusema hivyo. Kanisa lina kitabu chake kilichofungwa. Kanoni ya 489 yaamuru kila jimbo liwe na kabati la siri, na kanoni ya 490 yataka ufunguo uwe kwa askofu peke yake. Mashauri ya makosa ya tabia huchomwa au kuharibiwa baada ya miaka 10 ya hukumu, au mkosaji akifa, ikabaki habari fupi na hukumu yenyewe. Dunia nzima imesoma jinsi padri mkosaji alivyohamishwa parokia hata parokia, kabati likanyamaza. Hayati Papa Fransisko aliamuru Mei 2019 kwamba kila jimbo liwe na mahali pa kupokea mashtaka. Kabati halikuwa na kosa kwa kuwa na kufuli. Kosa lilikuwa kwamba wenye haki ya kuuliza walipouliza halikujibu, na mara nyingi hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo mimi napendelea namna ya Afrika Kusini kwa sheria yake ya mwaka 2007: kitabu kipo, hakisomwi sokoni, lakini anayetaka kumwajiri mtu kukaa na watoto lazima aulize kwanza, na apewe karatasi. (Mwaka 2025 waziri wao wa sheria alitaka majina yafunguliwe kwa watu wote, shauri kubwa likazuka.) Kenya nayo, katika sheria ya mwaka 2006, ilimpa msajili wa Mahakama Kuu kazi ya kutunza kitabu cha namna hiyo, na mtu aliyehukumiwa akiomba kazi ya kutunza watoto bila kusema hukumu yake, kuficha kwenyewe ni kosa. Najua watakaoniambia nchi yetu haina watu wa kuandika wala mashine za kutunza. Lakini kuuliza hakuhitaji mashine. Aliyempokea yule mwalimu huko njia ya Kabalo hakuniuliza neno. Aliona muhuri, akatosheka.

Baada ya Pasaka ile niliandika barua ya pili. Nilimwonyesha padri, naye akatia sahihi chini yangu. Nikampelekea mkubwa wa shule ile, kwamba nilichoandika mara ya kwanza kilikuwa uongo, na kwa nini. Baba wa msichana alikasirika, akaniuliza nani atarudisha mbuzi. Mama yake hakusema kitu. Siku ya tatu alikuja mwenyewe, kabla ya jua, na kitambaa kichwani cha safari, akasema: "Mwalimu, tupeleke parke."

Tulikwenda. Msichana alikuwa kimya njia nzima. Mwandishi wa parke alipomwuliza jina la mtu yule, alilitaja yeye mwenyewe, herufi kwa herufi, na mwandishi akaliandika.

Jibu la mkubwa wa shule lilichelewa miezi miwili. Mistari miwili tu: mtu huyo amekwisha kuondoka, wala hakusema aendako. Ndani ya bahasha alikuwa amenirudishia barua yangu ya kwanza, imekunjwa mara nne, na nyuma yake, kwa kalamu ya mtu nisiyemjua, yamefanywa mahesabu ya mishahara.