Kata Moja ya Maji Wasini

Kaskazi hii tulivuka na aila kutoka Shimoni hadi Wasini, kisiwa tulichokizuru likizoni utotoni. Magari hayapo hadi leo; kina mama huwatembeza wageni kwenye daraja la mbao, baina ya mikoko na matumbawe ya kale, wakapata chumo la halali. Maji baridi ndiyo adimu: mvua ikinyesha, hukingwa na kuhifadhiwa birikani.

Adhuhuri, wanetu waliozoea mfereji walipewa kata moja moja ya kutawadhia. Wakatazamana. Tukawakumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa mudi moja, yaani ujazo wa viganja viwili. Kata ikatosha, ikasaza.

Enyi wazazi, tuwapeleke watoto panapopimwa neema. Huko shukrani hufundishika, Inshallah.