Usingizi wa Redio

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kompyuta mpakato yangu haifichi. Inaendeshwa na Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na kila linaloisibu huliandika.

Kwa majuma mawili intaneti yake isiyo na waya ilikatika ovyo, na kila ilipokatika, sauti ya mama kutoka Tanga ilikatika nayo. Mama ni mgonjwa. Maneno yake ni machache, sikutaka hata moja lipotee. Nyumbani kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake: mvua, ukuta, jirani.

Mimi nilianza kwa kuuliza. Simu ya mke wangu, juu ya meza ile ile, haikukatika. Basi ruta ilikuwa nzima. Nikaita kumbukumbu kwa amri ya journalctl: redio ya kompyuta ilikuwa ikiachana na ruta, kisha ikirudiana nayo. Amri ya iw ikanieleza kwamba redio hiyo imeruhusiwa kusinzia ili kuokoa betri. Nikaizuia kusinzia, nisiguse kingine, nikangoja siku tatu. Haikukatika tena. Betri huisha mapema kidogo. Gharama hiyo naikubali.

Ndugu msomaji, sisi tukigombana nyumbani hubadili mambo kumi kwa siku moja. Hata tukipatana, hatujui dawa ilikuwa ipi. Heri kubadili moja, kisha kusikiliza. Juzi mama alisimulia kisa kirefu cha ujana wake, akakimaliza.