Maumivu Yana Majina Mengi

Hapa Lubumbashi ukisema "munganga," kila mtu anaona koti jeupe na chumba cha hospitali. Msemaji wa Kiswahili kutoka Dar es Salaam akisikia "mganga" mara nyingi anafikiria kwanza mizizi na ramli, huyo sisi tunamwita "mufumu." Mfano huu tunaupata mapema darasani, tunaucheka, tunageuza ukurasa. Mwaka jana haukunichekesha tena, kwa sababu mama mukubwa wangu alikuwa anatafuta mtu asiyeingia vizuri katika neno lolote kati ya hayo mawili: mtu wa sindano za Kichina.

Mama mukubwa anauza unga sokoni, katika komini ya Kenya. Kwa miaka karibu ishirini ameinua magunia, na sasa mgongo umekataa. Vidonge vya diklofenaki vilimtuliza mpaka vikaanza kumchoma tumbo na presha ikapanda. Daktari akamwambia aviache. Jirani akamweleza habari za sindano. Nyumbani maneno yakawa mengi: mdogo wake alisema sindano za namna hiyo zinaleta ukimwi, mume wake alisema hizo ni chale za Wachina tu. Kazi ya kutafuta ukweli nikapewa mimi, kwa sababu moja: "Wewe njo unasoma maluga."

Mahali pa kwanza tulipokwenda, mwenyewe hakuuliza kitu. Hakuuliza presha, hakuuliza dawa anazomeza mgonjwa. Sindano zilikuwa zimelala katika bakuli la alkoholi, zikingoja mtu yeyote. Ukutani palining'inia karatasi yenye muhuri mwekundu na maandishi ya Kichina. Niliomba ruhusa nikaipiga picha, nikamtumia rafiki aliyesoma China kwa bursari. Jibu lilikuja kabla hatujafika zamu yetu: ile ilikuwa ruhusa ya kufanya biashara. Ilimpa mtu haki ya kuuza, haikusema lolote juu ya kutibu. Tulipoitwa ndani, bwana yule alimpa mama mukubwa unga usio na jina na kumwambia aache vidonge vya presha. Tulirudisha unga, tukaondoka.

Hapo nilielewa kwamba karatasi ukutani ni maandishi kama maandishi mengine: asiyeweza kuisoma anaiheshimu bure. Nikaanza kutafuta maswali ya kuuliza. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya mafunzo na usalama wa tiba hii. Kwa mtu asiye daktari ambaye anataka kuifanya kama kazi yake, mwongozo ule unapendekeza saa 2500 za masomo, na saa 1000 kati ya hizo ziwe za mazoezi na wagonjwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni rahisi: ulisomea wapi, na kwa muda gani? La pili: nani anakutambua hapa? Anayejiita daktari nchini mwetu anapaswa kuwa katika orodha ya Ordre des Médecins, na ofisi yake ya mkoa inaweza kuulizwa. La tatu: sindano ni mpya, zinafunguliwa mbele yangu, na zinatupwa baada ya mtu mmoja? Hofu ya mdogo wake mama mukubwa haikuwa ya kijinga, kwani sindano inayorudiwa inaweza kupitisha homa ya ini na ukimwi. La nne: baada ya mara ngapi tutajua kama haisaidii?

Munganga wa pili tulielekezwa na mtu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Alikuwa mama wa Kichina wa makamo. Karatasi yake, rafiki yangu alisema, ilikuwa ya chuo kikuu cha utabibu, miaka mitano. Alipima presha kwanza. Aliuliza juu ya dawa, juu ya kisukari, juu ya damu isiyoganda haraka. Alisema wazi kwamba vidonge vya presha viendelee. Alikuwa na msaidizi, kijana wa hapa aliyejifunza Kichina akifanya kazi migodini. Basi maneno yalisafiri hivi: Kichina mpaka Kifaransa kwa kijana, Kifaransa mpaka Kiswahili kwangu, kisha yakarudi kwa njia ileile.

Njia ilikuwa na mashimo. Neno la Kifaransa kwa tiba hii limetoka Kilatini, acus ni sindano na punctura ni kuchoma. Daktari Mholanzi Willem ten Rhijne alilitumia katika kitabu chake cha 1683. Wachina wenyewe wanasema zhenjiu, yaani sindano na moto, kwa kuwa wanachoma pia majani makavu karibu na ngozi. Halafu kuna qi. Kijana alisema "énergie," tafsiri iliyoenezwa Ufaransa na George Soulié de Morant karne iliyopita. Lakini qi katika Kichina ni pia hewa, mvuke, pumzi. Ningesema "nguvu," mama mukubwa angefikiria magunia. Nilisema "pumzi," nikaongeza kwamba Wachina wa kale waliiona ikipita mwilini kama maji katika mifereji, na kwamba wapasuaji hawajaikuta mifereji hiyo. Wataalamu wengi leo wanazungumza juu ya neva na ubongo.

Nilimwambia pia matokeo, maana alikuwa na haki ya kuyajua. Mwaka 2012 watafiti walikusanya majaribio 29 yenye wagonjwa 17,922 wa maumivu ya muda mrefu: mgongo, shingo, bega, goti, kichwa. Waliochomwa walipata nafuu kuliko wasiochomwa. Lakini kati ya sindano za kweli na sindano za kuigiza, tofauti ilikuwa ndogo. Mama mukubwa alisikiliza, akasema: "Ndogo njo ngapi? Mimi minataka kuinama tu."

Sindano yenyewe ni nyembamba, kama robo ya milimita, na haina dawa ndani. Nyingine ziliingia kiunoni, nyingine nyuma ya goti. "Mugongo njo inauma, mbona unatobola kwa goti?" aliuliza. Munganga alicheka, akasema sehemu ile wazee wa kwao waliiwekea mgongo tangu zamani. Kisha akaizungusha sindano taratibu na kungoja.

"Inaniuma!" alisema mama mukubwa.

Kijana alikwisha kufungua kinywa atafsiri "ça fait mal." Nilimshika mkono, nikauliza: "Mama, inauma namna gani?"

"Si kuuma ya kidonda. Ni kama kintu inajaa mule ndani, inakuwa nzito."

Nilipotafsiri hivyo, munganga aliitikia kwa kichwa na kuiacha sindano palepale. Baadaye kijana alinieleza kwamba wanafunzi wa tiba hii hufundishwa maneno manne ya kile mgonjwa anachopaswa kusikia: suan, ule uchovu wa misuli baada ya kulima, ma, ganzi, zhang, kujaa, zhong, uzito. Mama mukubwa alikuwa ametaja mawili bila kufundishwa na mtu. Lakini kwa sindano nyingine alisema: "Hii inachoma, inakimbia mpaka kwa kidole." Hiyo munganga aliitoa mara moja, kwa sababu maumivu makali yanayokimbia huenda yakamaanisha kwamba neva imeguswa. Katika Kiswahili chetu zote mbili ni "inauma." Laiti tafsiri ingeishia hapo, sindano nzuri ingetolewa na mbaya ingebaki.

Baada ya mara sita mgongo haujapona, ila umepungua ukali. Mama mukubwa anainama, analala usiku, na magunia sasa anawaachia vijana wa mikokoteni. Labda nafuu ni ya sindano, labda ni ya mikokoteni. Yeye anashukuru vyote viwili, na vidonge vya presha anameza kila asubuhi.

Tangu hapo ninaandika maneno katika daftari: kuuma, kuchoma, kukata, kuvuta, kupwita, kuwasha, kufa ganzi. Ninawaomba wenzangu wa fakultate waulize mama zao hayo hayo kwa Kiluba, Kisanga, Kibemba. Orodha kama hiyo ingefaa kuwekwa mezani pa kila munganga, wa sindano au wa vidonge. Na anayetafuta mtu wa sindano mjini asome karatasi ukutani au apate wa kumsomea, aone pakiti ikifunguliwa, kisha aangalie jambo moja zaidi: kama munganga, akishaweka sindano, anangoja mgonjwa aseme.