Muswada Husomwa Mara Tatu

Katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, lililokutana kwanza mwaka 1907, kila muswada ulisomwa mara tatu kabla Gavana hajatia sahihi, ili lenye kudhuru lionekane mapema. Lakini mtu huona upesi lile limgusalo mwenyewe. Walowezi wa Nakuru na Njoro walianza kuchagua wajumbe mwaka 1920, na Lord Delamere akawa mjumbe wa Bonde la Ufa. Skwota aliyewalimia mashamba yao alisemewa na Mzungu aliyeteuliwa, mpaka Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944.

Matokeo yalionekana zizini. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka. Sheria ya 1937, iliyoanza kutumika mwaka 1940, iliyapa mabaraza ya walowezi wilayani uwezo wa kuongeza siku hizo hadi 270, na kupunguza mifugo yake na shamba alilojilimia. Mwenye mbuzi alipata habari siku ya kuhesabiwa mbuzi wake, na muswada ulikwisha kusomwa zamani.

Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza, na Daniel arap Moi akachaguliwa Bonde la Ufa. Hata hivyo, kura ilipewa wale tu waliotimiza masharti ya elimu, mali au utumishi. Maskwota wengi walibaki nje.

Basi mkulima asingoje askari amwambie sheria. Na aulize mapema: muswada unasomwa lini, na nani anamsemea?