Waliopunguza Mwendo kwa Ajili ya Binti Yangu

Mimi ni mama wa Arash, katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Mume wangu alifariki tukiwa bado vijana, akaniachia binti mchanga mwenye mtindio wa ubongo. Sijamaliza matanga vizuri, ukame wa 2009 ukaja na kumaliza ng'ombe aliotuachia. Leo binti yangu anasoma sekondari, zizini kwangu mna mifugo, na neno langu husikilizwa mkutanoni. Viongozi wa kijiji walipouliza ni nani wanaostahili kuheshimiwa kwa kuwahudumia wenzao, niliomba nafasi ya kueleza kwa kirefu, kwa sababu watu nitakaowasema hawana cheo, na wengi wao hawajawahi kuitwa mbele ya watu wapongezwe. Sitataja majina yao hapa. Arash tunajuana.

Nianze na koko, yaani bibi, mama mkwe wa jirani yangu, mkunga wetu wa jadi. Uchungu ulinishika usiku wa mvua, korongo limejaa, gari hakuna. Hospitali tuliyoitegemea ni ya Wasso, ile ambayo daktari kutoka Austria, Herbert Watschinger, aliianzisha miaka ya 1960 akahudumia wafugaji wa Loliondo kwa miaka mingi. Lakini hospitali njema haimsaidii mama ambaye hajaifikia. Uchungu ulikaa sana, na mtoto alipozaliwa alichelewa kulia. Baadaye daktari alinieleza kwamba ubongo wa mtoto ukikosa hewa wakati wa kuzaliwa, unaweza kuumia sehemu inayoongoza misuli. Shingo huchelewa kukaza, mikono hujikunja, ulimi huwa mzito. Akili inaweza kuwa nzima kabisa ndani ya mwili usiotii.

Wapo waliosema maneno, kama watu wanavyosema. Koko aliyakata. Alisema mtoto huyu ameletwa na Enkai, Mungu wetu, kama walivyoletwa wengine wote, na asiyemtaka asije kunywa chai kwake. Akawa anakuja kila asubuhi kumkanda viungo kwa mafuta ya kondoo. Nilipompata mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanifundisha kumkalisha mtoto wima anapokula ili uji usimpalie, na kumnyoosha mikono polepole bila kuilazimisha, nilirudi nyumbani nikamfundisha koko. Mwanamke aliyezalisha nusu ya maboma yetu alikaa chini akajifunza upya jinsi ya kumlisha mtoto, bila kuona aibu. Huyo ni wa kwanza kwenye orodha yangu.

Sasa ukame. Asiyefuga anaweza kudhani ukame ni ukosefu wa maji tu. Majani huisha kwanza. Ng'ombe hutembea mbali zaidi kila siku kwa malisho machache zaidi, hurudi hana maziwa, halafu asubuhi moja hulala hawezi kuamka. Watu wazima hukusanyika kumwinua, mmoja mkiani, wengine mbavuni, na kesho yake hurudia. Wakati huohuo bei ya ng'ombe sokoni huporomoka kwa sababu kila mtu anauza, na gunia la mahindi linalotoka Karatu hupanda kwa sababu kila mtu ananunua. Ng'ombe ambaye mwaka uliotangulia angelisha nyumba kwa miezi, mwaka 2009 alileta unga wa siku chache. Nilibaki na mbuzi wachache na punda mmoja.

Kwetu Wamaasai kuna desturi ya ewoloto. Aliyepoteza mifugo yote kwa ukame au ugonjwa, bila uzembe wake, ukoo humchangia ili asimame tena. Huyu hutoa mtamba, yule hutoa kondoo, kila mmoja kwa uwezo wake. Ni desturi yenye nguvu kiasi kwamba mradi wa ERETO, ulioanza Ngorongoro mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ufadhili wa Denmark, ulipotaka kuwarudishia mifugo wafugaji maskini, ulijenga juu ya utaratibu huohuo wa ukoo. Lakini mjane ana tatizo lake. Mifugo inayochangwa kwa ajili ya nyumba yake inaweza kuhesabiwa kuwa ya shemeji, na yeye akabaki mkamuaji tu. Suala hilo lilipojitokeza kwangu, nilisimama na watu wa aina mbili.

Wa kwanza walikuwa akina mama wa kikundi chetu. Baadhi yao walikuwa wamehudhuria majukwaa ya haki za wanawake yanayoendeshwa na Baraza la Wanawake wa Kifugaji, shirika lililoanzishwa Loliondo mwaka 1997 na wanawake wa Kimaasai wenyewe, akiwemo Maanda Ngoitiko, ambaye ameliongoza kwa miaka mingi. Walipotoka huko walirudi na mambo ambayo hatukuwahi kuambiwa nyumbani: kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na kwamba baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Hawakuja kugombana. Walikuja wengi, wakakaa, wakaeleza, wakasubiri wazee wamalize kusema, wakaeleza tena.

Wa pili alikuwa mzee mmoja, laigwanani, yaani kiongozi, wa rika lake. Hakuwa na haja ya kujiingiza katika jambo langu, na kimya chake kisingemgharimu chochote. Alisimama na fimbo yake akasema mifugo iliyotolewa kwa ajili ya yatima inakaa penye yatima, na mama yao ndiye mlango wa boma hilo. Baada ya hapo hakuna aliyebisha. Ninamheshimu mzee huyo kwa sababu alitumia heshima yake kwa mtu asiyeweza kumlipa.

Mwaka 2016 ada za shule zilipofutwa mpaka kidato cha nne, nilijipa moyo. Binti yangu alikuwa na miaka minane, anaelewa Kimaa na Kiswahili, anahesabu mbuzi wote wa boma kwa macho akiwa amekaa kivulini. Shule moja ilinijibu kwamba haina mwalimu wa elimu maalumu, nimtafutie mahali mbali. Mahali mbali kwa mjane wa Arash maana yake ni hapana. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inasema mtoto kama huyu ana haki ya kusoma pamoja na wenzake, lakini karatasi ya sheria haiwezi kumbeba mtoto kuvuka korongo.

Mwalimu wa darasa la kwanza ndiye aliyesema mleteni. Alikuwa na watoto wengi kupita kiasi na madawati machache. Alimweka binti yangu mbele, ukutani, ili mgongo upate pa kuegemea. Akawaambia wenzake darasani sheria moja: huyu akianza kujibu, hakuna kumalizia neno lake. Watoto walikaa kimya wakasubiri. Mwanzoni ilichukua muda mrefu. Baada ya muhula mmoja wale watoto walimwelewa kuliko watu wazima, na wao ndio waliokuwa wakitutafsiria.

Njia ya shule ilitatuliwa na punda. Kiti cha magurudumu tulikuja kukipata baadaye, nacho kinafaa darasani, lakini kwenye mawe na tope la Arash hakiendi popote. Vijana wa rika la Korianga walishona tandiko la ngozi lenye kiegemeo, wakalifunga juu ya punda anayeteka maji, kamba za shanga kiunoni mwa mtoto ili asianguke. Wanafunzi wa boma letu walipeana zamu ya kumshika punda hatamu. Vijana hao hao walitengeneza kiti cha mbao cha kukalia chooni pale shuleni na kuweka vishikio ukutani. Nataka wasomaji walisikie hili la choo, kwa sababu watoto wengi wenye ulemavu hawaachi shule kwa kushindwa hesabu. Huacha kwa sababu hawawezi kwenda haja kwa staha.

Kuhudumia kwa namna hii kuna gharama. Waliotoka na binti yangu walilazimika kuamka mapema kuliko wenzao. Mwalimu alimaliza kipindi bila kumaliza ukurasa. Akina mama waliteka maji kwa kuchelewa kwa sababu punda alikuwa shuleni. Mchungaji anayeijua kazi yake hawezi kuliendesha kundi kwa mwendo wa dume aliyeshiba. Hutazama ndama wa jana, na kundi zima huenda hivyo. Arash tunayajua haya kwa mifugo tangu utoto. Watu ninaowasifu waliyafanya kwa mtoto wa mtu.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja mwaka 2022. Ukame ulikuwa umerudi. Mwezi Juni mwaka huohuo mpaka mpya wa eneo la hifadhi uliwekwa kuzunguka kilomita za mraba 1,500 za Pololeti, ardhi ambayo vijiji vya upande wetu vilikuwa vikichungia, na familia nyingi za Loliondo zilivuka kwenda Kenya. Sikusudii kulieleza jambo hilo lote hapa. Ninachotaka kusema ni kile ambacho mtawanyiko humfanyia mtu asiyeweza kukimbia. Nyumba ikihama usiku, mtoto asiyetembea ndiye wa mwisho kufikiriwa, na shule ndiyo ya kwanza kusahauliwa. Binti yangu alikuwa darasa la saba, na mtihani wa taifa ulikuwa Oktoba.

Akina mama wa kikundi walikaa wakakubaliana kwamba wawili wao hawatahama na mifugo mpaka mtihani upite. Waliacha mbuzi wao mikononi mwa wengine wakati ambao kila mmoja alitaka kuwa karibu na mnyama wake. Mmoja alimpeleka binti yangu shuleni, mwingine alimrudisha, nami nikafuata malisho nikijua mtoto wangu yuko salama. Mwalimu alihakikisha anapewa muda wa ziada ambao watahiniwa wenye mahitaji maalumu wanastahili. Alifaulu. Siku matokeo yalipotoka, kelele za furaha zilisikika kwenye maboma ambayo hayakuwa na mtoto hata mmoja katika darasa hilo.

Basi tuwaheshimu vipi watu hawa? Mwaka 2016 Edward Loure, Mmaasai wa Simanjiro, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman kwa kazi yake na shirika la Ujamaa Community Resource Team ya kuzisaidia jamii za wafugaji na Wahadzabe kupata hati za pamoja za kimila juu ya ardhi zao. Tulifurahi kuona mtu wa kwetu akitajwa duniani. Lakini uzito wa tuzo ile umo katika hati zenyewe: kila moja imeandikwa kwa jina la jamii, na ng'ombe wanaendelea kula juu yake. Heshima nzuri huilinda kazi iliyofanywa ili isife na aliyeifanya.

Kwa hiyo, pamoja na shuka na kilemba tutakavyowavisha, naomba mambo haya. Kila mmoja asomwe mkutanoni kwa alichokifanya, na kiandikwe kwenye muhtasari wa kijiji, ili vijana wajue kwamba kumshikia punda mtoto wa jirani ni kazi inayohesabika Arash. Mlango wa ofisi ya kijiji uwekewe njia ya mteremko kabla ya masika. Sehemu ya asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu, ielezwe kwa Kimaa, kwenye minada na chini ya miti tunapokutana, kwa maana wengi wetu tunaisikia ikipita tu redioni. Na mwalimu yule apewe msaidizi, kwa sababu sasa wazazi wengine watatu wameshakwenda kumuuliza kama atawapokea watoto wao, naye amewajibu kama alivyonijibu mimi.

Nawashukuru koko na laigwanani, mwalimu, Korianga wangu, na wenzangu wa kikundi. Nawashukuru watoto waliokaa kimya mpaka binti yangu amalize neno lake. Sasa ni wakubwa, na natumaini watasubiri vivyo hivyo watakapokuwa viongozi. Enkai awape mvua isiyobomoa, na watoto wasiopungua. Mazizi yenu yajae, na wageni wasipungue mlangoni. Mikono yenu iliyombeba mwanangu isikose wa kuibeba itakapochoka. Nanyi nyote mliosoma, semeni nami: Naai.