Barabara ya Mutukula

Vita ya Kagera niliisoma shuleni kwa majina ya makamanda, na nilipofika Bukoba kwa mara ya kwanza kiu yangu ilikuwa kuiona barabara waliyopita. Asubuhi nikapanda haisi ya Mutukula. Mzee mwenye bakora akaketi kando yangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza naelekea wapi na kufuata nini. Nilipomweleza, akanipisha dirishani. "Kaa hapa, mwanangu. Kyaka nitakuonyesha."

Migomba na mibuni ilitusindikiza mwendo mrefu, kisha nchi ikafunguka ikawa mbuga. Mzee alikuwa kijana majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka, mwishoni mwa Oktoba 1978. Kwao ni ng'ambo ya mto, kaskazini. Walikimbia na nguo walizovaa. Ng'ombe wao waliswagwa kwenda Uganda, mashine za kiwanda cha sukari zikaporwa, na waliochelewa kuondoka wengi waliuawa. Tulipofika Kyaka, kwenye mto Kagera, alinyoosha bakora. "Daraja la zamani lilikuwa hapa. Walilivunja ili askari wetu wasivuke."

Amin, ambaye askari wake walilivunja daraja hilo, alikuwa Fildi Mashali, cheo kinachompita hata jenerali. Kwingineko hupewa kamanda aliyeshinda vita kubwa. Amin alijivika mwenyewe mwaka 1975, nchi yake ikiwa haina vita na mtu.

Miongoni mwa waliotumwa kumkabili alikuwa David Musuguri wa Butiama. Aliingia jeshi la mkoloni, King's African Rifles, mwaka 1942, akiwa askari wa kawaida, akapelekwa kupigana Madagaska. Amin naye alijiunga na jeshi hilohilo miaka michache baadaye. Humo, karibu hadi mwisho wa ukoloni, Mwafrika, hata awe hodari vipi, hakupita cheo cha Efendi, chini ya kijana yeyote wa Kiingereza mwenye nyota moja begani. Musuguri ndiye aliyeongoza Divisheni ya 20 mpaka Kampala ikaanguka, Aprili 1979. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere akamfanya Mkuu wa Majeshi, na hapo akafika cheo cha Jenerali, ambacho jeshi letu, JWTZ, halina kingine juu yake. Alikuwa na miaka sitini hivi. Alifariki Oktoba 2024, akiwa na miaka 104. Cheo kilichopandwa ngazi kwa ngazi namna hiyo mimi nakiheshimu kwa moyo wote.

Mzee alishuka Bunazi, akaniachia dua. Mutukula nilikuta malori yamepanga foleni ya forodha, na wabadilisha fedha wakiita wateja. Haionekani kwamba mji huu uliwahi kusawazishwa na ardhi. Lakini ulisawazishwa, Januari 1979, na askari wetu wenyewe, kwa hasira ya yale waliyoyaona Kagera. Mwalimu alichukizwa, akaamuru raia wa Uganda wasiguswe. Hilo nalo lisimuliwe kila tunaposimulia ushindi, kwa sababu amri ya namna ile ni kazi ya wenye vyeo kama ilivyo kuteka miji.

Kesho yake nikaenda Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya wanajeshi wetu, ambayo ni zaidi ya 400. Nilisoma majina kwenye mnara mweupe, moja baada ya jingine, mpaka jua likawa kali.