Nyumba ya wakfu alikolelewa mke wangu

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa boti huteremkia bandari ya Malindi, na hatua chache humtosha kuingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar. UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na wageni huusifia milango yake ya nakshi. Kwa mke wangu, sifa zote hizo hukomea kwenye mlango mmoja: wa nyumba ya ghorofa alikolelewa na bibi yake hadi alipotimiza miaka 12. Mwezi wa Shaaban uliopita tulikwenda kuizuru pamoja na binti yetu, aliyekuwa akiijua kwa kusimuliwa tu.

Nyumba hiyo ni ya wakfu. Aliyeiweka alitaka kodi yake ihudumie msikiti wa mtaa, na wazee wa mke wangu walikuwa wapangaji wa juu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nene kiasi cha mtoto kuketi dirishani kwa raha. Dari huchukuliwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo si ndefu, vyumba vya nyumba za kale mjini humo huwa virefu na vyembamba. Fundi alijenga kwa kadiri ya mti aliojaaliwa.

Tulipobisha hodi alitupokea mama mtu mzima, jirani wa zamani wa chini. Mke wangu akamwamkia, "Shikamoo, bi mkubwa." Akaitika marahaba, akamtazama kitambo, kisha akasema, "Wewe si mjukuu wa mwalimu? Sauti ni ile ile ya bibi yako."

Bibi huyo alikuwa akiwasomesha Qur'ani watoto wa mtaa katika ukumbi wa juu, wamekaa mkekani, misahafu kwenye marufaa. Hapo ndipo mke wangu alipojifunza alifu na bee. Tulipanda ngazi mmoja mmoja, kama tulivyoonywa. Sehemu ya dari ya ukumbi imeanguka. Boriti zimeoza ncha pale zinapoingia ukutani, na mche umeota mizizi katika ufa. Binti yetu akauliza, "Mama, wewe ulikuwa ukikaa wapi?" Mama yake akamwonesha pembe moja chini ya kidaka, asiweze kuifikia.

Fundi mmoja wa chokaa tuliyemkuta barazani alitueleza chanzo. Mlizamu wa mvua uliziba, maji yakashuka ndani ya ukuta. Kisha nyufa zikafunikwa kwa saruji. Ukuta wa chokaa huhitaji kupumua. Saruji huufungia unyevu ndani, chokaa ikamumunyuka na boriti zikaoza bila kuonekana. "Nje unaona pazuri," alisema, "ndani nyumba inakufa."

Bi mkubwa akaongeza kuwa kodi ni ndogo, na yote huishia katika taa na maji ya msikiti. Wanawe wanamtaka ahame. "Nikihama, mwanangu, nani atauzibua mlizamu?"

Ndugu msomaji, hapa pana fundisho kwetu sisi tuliopewa dhamana ya misikiti. Sayyidna Umar (R.A) alipopata ardhi ya Khaybar, Mtume (S.A.W) alimshauri aizuie asili yake na kuyatoa sadaka mapato yake; basi ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Kwa msingi huo wanazuoni wa fiqhi wameeleza kuwa mapato ya wakfu hutangulia kuitengeneza mali yenyewe, ndipo wanufaika wapewe. Taa ya msikiti ni kheri, lakini ikilipiwa kwa kuiacha nyumba ianguke, kesho hakuna nyumba, hakuna kodi, na sadaka ya marehemu imekatika mikononi mwetu. Wala ukubwa wa jengo si kinga. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha.

Kabla ya kuondoka, mke wangu aliandika majina ya wanafunzi wa bibi yake aliowakumbuka, na bi mkubwa akamwongezea mengine. Nia yao ni kuchangia boriti na chokaa, kwa idhini ya wasimamizi wa wakfu na kibali cha mamlaka ya mji. Kazi ya kwanza haitahitaji fedha nyingi: kuuzibua mlizamu kabla ya masika.

Nazisihi kamati za misikiti zenye nyumba za wakfu zipande juu zikakague mapaa yake, zitenge fungu la kodi kwa matengenezo, na zimwite fundi anayeijua chokaa. Allah (S.W) atuwezeshe kuzitunza amana tulizoachiwa, na amrehemu mwalimu huyo na walioweka wakfu wote. Amin.